Bibi Alipokwenda Kutusemea Njombe

Nina mdomo, Makambako nzima inajua. Nilipostaafu ualimu nilifungua steshenari karibu na stendi, na kazi inayonila siku si kutoa kopi wala kuuza madaftari, ni kuwaombea vyuo watoto waliomaliza kidato cha sita. Wanaingia na matokeo yao kwenye simu, wananiamkia, "Shikamoo Madam," na kabla hawajakaa nimeshauliza: cheti cha kuzaliwa kiko wapi, namba ya kitambulisho cha taifa ipo? Asiye navyo namfokea kwanza, kisha namtafutia benchi akae tuanze kuhangaika pamoja. Ndivyo nilivyo, na wazazi wameshanizoea.

Wapo ambao kuhangaika kwao ni kwingine. Huku kwetu mipaka haiko mbali. Wazazi wao walivuka ziwa, au walitoka Msumbiji kufuata vibarua vya mashamba ya chai, wakapata kijiji, wakalima viazi, wakazaa, wakazika. Mtoto amesoma hapa tangu chekechea, anaimba wimbo wa taifa kumshinda mkuu wa shule, halafu siku anayotaka kwenda chuo ndipo anaulizwa yeye ni wa wapi. Baadhi yao nimewavusha, kwa njia ya haki, kwa kusukumana na ofisi hii na ile mpaka wakanichoka. Wakinipigia simu kutoka huko waliko natembea na furaha siku nzima. Huyu ninayetaka kumsema hapa sikumvusha.

Nilimfundisha baiolojia alipokuwa kidato cha tatu, mwaka wangu wa mwisho kazini. Msichana mwembamba wa kijiji cha Kifanya, mkimya, lakini ukimpa moyo wa ng'ombe aupasue anakuonyesha kila mlango wake bila kutetemeka. Alitaka udaktari, na sababu yake aliisema mbele ya darasa: Bibi yao ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yeye ndiye atakayemfungua. Wenzake walicheka. Mimi niliwafokea, lakini nakiri kwamba na mimi nilitabasamu.

Bibi huyo hakuwa bibi wa damu. Mama wa msichana alifika Kifanya akiwa mjane kijana, watu wakasema ametoka Manda, kule ziwani, na yeye hakuwabishia. Huyo bibi kizee, naye mjane, alimfungulia mlango, na hakumfungia tena. Walilima pamoja, walikula chungu kimoja. Daktari wa macho alipokuja mara moja na kambi ya upasuaji, majirani walimbembeleza Bibi aende. Akakataa katakata. "Namngoja daktari wangu," akasema. "Ninyi nendeni na wenu."

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, msichana alikuja dukani akiwa na mama yake. Daraja la kwanza! Nilipiga kelele mpaka mwenye genge la jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Tukaomba chuo, akachaguliwa, udaktari uleule. Kilichobaki ilikuwa namba ya kitambulisho, maana bila hiyo hakuna kuthibitisha nafasi wala mkopo wa serikali, na kwa watu wa viazi viwili vitatu udaktari bila mkopo ni ndoto ya mchana. Na namba ilikuwa imekwama. Waliotoka upande wa ziwani lazima wahojiwe uraia kwanza, Njombe mjini.

Nikaenda nao. Kulikuwa bado na baridi ile ya Julai, ya kuongea moshi ukakutoka mdomoni. Ofisa wa uhamiaji aliyetupokea alikuwa kijana mstaarabu, mgeni wa mkoa wetu, amevaa koti juu ya koti. Aliuliza polepole. Mama akajibu: alikaa Manda, mume alifariki, akaja Kifanya, akajifungua binti yake Kifanya. Kituo gani cha afya? Nyumbani, akasema. Ofisa akatikisa kichwa bila ubaya. "Mama, mimi sikukatalii. Nileteeni mzee aliyewapokea hapo Kifanya, anisimulie kwa kinywa chake. Akithibitisha, tumemaliza."

Nikafurahi! Mzee tunaye, nikawaza, tena mzee mwenyewe ni shahidi asiyeyumba. Msichana naye alinishika mkono huku anaruka. Ni mama peke yake aliyenyamaza. Njiani alisema, "Bibi amechoka, Mwalimu. Baridi hii itamuua. Hakuna mwingine?" Nikamwambia aache woga, nitamfunika blanketi langu mwenyewe.

Wiki iliyofuata tukampeleka Bibi. Jamani, nani asiyejua wazee wetu wakiitwa ofisi kubwa! Alivaa gauni la Pasaka, akafunga kitenge kipya juu yake, akabeba kuku kwenye kikapu kwa ajili ya ofisa. Nikamwambia kuku ni rushwa, Bibi, watatufunga. Akanijibu kwamba kwao mtu haendi kwa mwenye nyumba mikono mitupu, na kama siku hizi kuku amekuwa rushwa, basi dunia imeisha. Kuku akabaki kwa mlinzi wa getini, analia mle kikapuni.

Ndani alikaa kwenye kiti akiwa amenyooka. Ofisa alimwamkia shikamoo, yeye akaitika kwa Kibena, "Kamwene," kisha akaendelea kwa Kibena hichohicho, kwa sababu kwake Kiswahili ni cha sokoni, na siku ile hakwenda sokoni. Ofisa akaniangalia. "Mwalimu, utanitafsiria?"

Nikatafsiri. Alisema alikuwa anapalilia kwenye vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, alipomwona mwanamke kijana amesimama kwenye njia na mzigo. Nikatafsiri. Alisema alimpa maji, akamkokea moto, akachinja kuku ingawa alikuwa naye mmoja tu, maana mgeni ni mgeni. Nikatafsiri. Alisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hakungoja kupewa, asubuhi ya pili alilichukua mwenyewe ukutani. Ofisa alicheka. Mimi nikacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa.

Halafu Bibi akasema kwamba usiku ule alimuuliza mgeni wake ametoka wapi, na mgeni akamwambia ukweli, akamwambia yeye peke yake. Akasema mwanamke huyu hakutoka Manda. Manda alishuka tu kwenye boti. Alitoka ng'ambo, kwa watu wengine kabisa, hana hata mtu mmoja upande huu, na mgongoni alikuwa na kichanga ambacho kitovu chake kilikuwa hakijadondoka.

Nilisikia kila neno na sikuweza kutoa hata moja.

"Anasemaje?" ofisa akauliza.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha uso, kanga ameing'ata. Msichana, aliyelelewa kwa Kibena hichohicho, alikuwa amesikia yote, maana alikuwa anamwangalia mama yake, si Bibi. Na Bibi, maskini, macho yake yameziba kama dirisha la jikoni, hakuona nyuso zetu hata moja. Aliona tu kwamba mkalimani amezubaa na sehemu tamu ya habari imekatika.

"Kwani huyu mwalimu amekuwa bubu?" akasema, na sasa akaingia kwenye Kiswahili mwenyewe. "Mwanangu, nasema ng'ambo! Ametoka ng'ambo!"

Ofisa akaweka kalamu mezani. "Ng'ambo ya wapi, Bibi?"

"Ng'ambo ya ziwa. Kwani kuna ng'ambo ngapi? Alikuja na huyu mtoto mgongoni, mchanga, ananyonya. Mimi ndiye niliyemwogesha. Kama angekuwa wa hapahapa tu ningejisifu nini? Kumpokea wa kwenu si kazi. Sisi tulipokea asiye wetu, tukampa shamba, tukampa jina, na hajawahi kulala njaa. Andika hivyo."

Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukosea vile. Mtu mwoga angeficha, mtu mjanja angepunguza. Yeye alikuwa ameitwa kueleza alivyompokea mgeni, na kwa watu kama yeye hiyo ndiyo heshima ya nyumba. Ungemwambia aseme mgeni hakuwa mgeni, ungekuwa unamwambia kwamba yule kuku hakuchinjwa. Tenda wema uende zako, wanasema. Yeye alitenda wema akakaa nao miaka yote hiyo, na siku hiyo alipewa nafasi ya kuusimulia mbele ya serikali.

Ofisa hakufoka. Afadhali angefoka. Alimshukuru Bibi kwa mikono miwili, akaomba apelekwe nje apate chai. Kisha akatuambia sisi watatu, kwa sauti ya chini, kwamba uraia unafuata wazazi, na mtoto wa wazazi wa ng'ambo, aliyezaliwa ng'ambo, hawezi kumpa namba. Hatawafukuza. Mama aanze kuomba kibali cha kuishi, binti naye ana njia yake ya kuomba, ni ndefu, lakini ipo. "Na chuo?" nikauliza. Akaangalia koti lake. "Mwalimu, sheria sikuitunga mimi."

Kwenye korido msichana alimuuliza mama yake swali moja tu. "Mimi nilizaliwa wapi?"

Mama akamtajia kijiji. Msichana akamwomba arudie, kwa sababu hakuwahi kulisikia jina lile maishani mwake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikinyamaza sana, itageuka kweli," mama akasema. Hapo ndipo alipolia, akalia kwa kukaa chini kabisa kwenye sakafu ya ile korido, watu wanatupita. Binti yake hakumwinua. Alisimama ameegemea ukuta, mkononi ana bahasha ya vyeti vyake vyote, kisha baada ya muda naye akakaa chini, akamlalia mama yake begani. Mimi nilikwenda dirishani. Nilimwona Bibi nje kwenye benchi, anamsimulia mlinzi, mikono inapaa, na mlinzi anatikisa kichwa kwa heshima.

Kabla hatujatoka mama alijifuta uso, akatushika mimi na binti kila mmoja mkono wake. "Ole wake mtu atakayemwambia Bibi," akasema. "Amenipa kila nilicho nacho. Hili hatalijua."

Nilipambana, msidhani nilikaa. Nilipiga simu chuoni mpaka wakaacha kupokea. Niliomba wamshikie nafasi, nikajibiwa kwa adabu kwamba nafasi haishikwi. Dirisha la kuthibitisha likafungwa. Jina lake likaondoka, akaingia mwingine ambaye sina ugomvi naye, ingawa kwa wiki kadhaa nilimchukia mtu nisiyemjua. Nililia dukani mchana kweupe, wateja wanasubiri kopi zao. Maombi yao ya kibali tuliyapeleka, yapo huko. Msichana alipata kibarua Makambako cha kuchambua parachichi za kusafirishwa, siku nzima amesimama, na kila jioni anapita kwangu kuuliza kama kuna simu. Hakuna. Ananisaidia kufagia, anakwenda zake.

Mwezi uliopita mvua zilianza, nikaenda naye Kifanya kuwasalimia. Bibi alikuwa jikoni karibu na moto. Mama alikuwa shambani. Kwa kanisa zima Bibi sasa ndiye aliyekwenda kumsemea mjukuu wake Njombe, na ameshasimulia mpaka yule kuku. Alinijua kwa sauti, akanikaripia kwa kuzubaa siku ile, tukacheka. Kisha akapapasa nyuma ya kigoda akatoa sweta la bluu, alilofuma kwa kuhesabu vitanzi kwa vidole. La kwenda nalo chuo. Nikamwambia huko chuoni ni joto, Bibi, watu wanalala na feni. Akasema joto la watu wengine yeye haliamini.

"Chuo kinafunguliwa lini sasa?" akauliza. "Mbona wanachelewa hivi? Haya macho yanamngoja."

Msichana alikuwa amechuchumaa anamenya viazi. "Wamesogeza mbele, Bibi. Wataniita."

Bibi akageuza uso wake upande wangu. "Mwalimu, niambie wewe, usinifiche. Maneno yangu yalifaa kitu?"

Mimi mwenye mdomo nikatazama moto. Nikasikia kisu kinawekwa chini.

"Yalifaa, Bibi," msichana akasema. "Bila wewe ningekuwa wapi?"

Bibi akacheka kwa raha, akamwita avae sweta. Akalivaa juu ya ovaroli la kibarua, akapiga magoti mbele yake, na Bibi akaanza kulikagua kwa mikono, mabega, kifua, akashuka mpaka mwisho. Akasita. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umezidi mwingine karibu kiganja kizima.

"Nimekosea," Bibi akasema, na uso ukamshuka. "Mungu wangu, nimekosea, na muda wa kufumua hakuna."

"Hujakosea, Bibi," akamwambia, na akaishika mikono yake yote miwili isiendelee kutafuta. "Nikifika huko nitaukunja."