Kalamu Kubwa ya Mtemi

Mwaka huo nilipewa likizo ya siku ishirini na nane, nami nikaamua kuandika riwaya nzima ndani yake. Najua inavyosikika. Kazi yangu ni kupokea barua na kuzipanga kwenye mafaili katika ofisi moja pale Nduguti, na nilikuwa nimeona kwenye simu tangazo la mchapishaji wa Dar es Salaam: anatafuta riwaya za waandishi wapya, mwisho wa kupokea ni siku ya mwisho ya mwezi, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yangu. Damu ikanichemka. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitamba kwamba ipo siku nitaandika kitabu, mpaka wenzangu ofisini wakawa wananiita mwandishi kwa kunitania. Nikajiapiza: nisipokimaliza safari hii, sitalitamka tena neno kitabu mbele ya mtu.

Hadithi nilikuwa nayo tangu utotoni, maana bibi yangu mzaa mama, wa Kinampanda, alikuwa akitusimulia tulipokwenda kwake likizo. Sisi tulizaliwa Itigi, kwenye nyumba za reli, na Kinyiramba tulikijua cha kuombea maji tu. Kwa hiyo bibi alitusimulia kwa Kiswahili alichokiokota kanisani, akiacha kila R ilale kwenye L kama wafanyavyo wazee wote wa kule. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Palikuwa na yatima aliyeishi na mama wa kambo. Siku moja mtemi akafanya kalamu kubwa, watu wote wakaitwa. Yatima naye akataka kwenda kwenye kalamu. Mama wa kambo akamwaga uwele kwenye mchanga, akamwambia, chambua punje zote kwanza. Ndege wakaja wakamsaidia, yatima akawahi kufika, na kila mtu akarudi kwao ameshiba.

Mimi niliielewa vizuri kabisa. Mtemi alikuwa na kalamu kubwa, pengine ndefu kama mchi, na aliitumia kuandika majina ya watu wake. Ukiandikwa, unapewa chakula. Ndivyo ilivyokuwa shuleni kwetu pia: mwalimu alisoma majina kwenye daftari kabla ya uji, na wiki yangu ya kwanza darasa la kwanza jina langu halikuwemo, nikabaki nimesimama na kikombe changu. Nilimwonea uchungu yatima yule kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Basi nikapanda basi kwenda Kinampanda na kaunta buku tatu. Msimu wa alizeti ulikuwa umefika, bibi anapiga vichwa vyake kwa fimbo na kupepeta, nami nikaweka meza yangu barazani karibu naye, karatasi nimezilalia kwa kiwiko maana upepo wa miezi ile haukuachii kitu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akajibu, "Malahaba, umekuja kulima?" Nikamwambia nimekuja kuandika hadithi yake ya yatima iwe kitabu. Akasema sawa, ila nisimwangushie alizeti.

Sijawahi kufurahi vile. Niliamka na sentensi mdomoni, nikanawa uso huku nazirudia zisinipotee. Mtemi wangu nilishamgeuza ofisi: ghorofa moja nyeupe, mistari mirefu ya watu nje, na dirishani kalamu moja tu. Hayo nayajua, maana kila asubuhi naulizwa, dada, jina langu limo? Yatima wangu hakuwa na jina. Nililiacha kwa makusudi, kila alipotajwa naweka mstari mtupu, nikijiambia siku atakapoandikwa na mtemi ndipo nami nitaliandika. Ndege nikawafanya kwelea kwelea, wale wale wanaomaliza uwele wa watu, nikaona raha kuwapa kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Kurasa kumi kwa siku, siku nyingine kumi na tano. Kidole kikaota sugu nami nikawa najivunia, namwonyesha bibi kila jioni.

Kila nilipojaza kaunta buku niliipeleka Kiomboi kwa bodaboda, kwa binti mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Siku ya ishirini na nne nikaenda kuchukua sura kumi za kwanza zilizochapwa. Alinikabidhi bunda likiwa bado na joto la mashine, akatabasamu.

"Dada, nimekusahihishia bure," akasema. "Sisi Wanyiramba R na L zinatuchanganya, na watu wa Dar wakiona watatucheka."

Nikatazama ukurasa wa kwanza. Mtemi akafanya karamu kubwa, watu wote wakaitwa.

Nilikuwa karibu kumpa vidonge vyake. Nikaisoma sentensi mara ya pili. Mtu hafanyi kalamu. Mtu anafanya karamu. Na watu huitwa kwenye karamu, na hurudi kwao wameshiba. Umri wangu wote huu, na shule yote niliyosoma, sikuwahi kuliona hilo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Nilirudi Kinampanda nimekumbatia bunda langu, hata sikumwamkia bibi vizuri.

"Bibi, kwenye ile kalamu ya mtemi, watu walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanakula," akasema. "Kwani kwenye kalamu watu wanafanya nini? Wali, nyama, togwa."

Nikachukua peni yangu mezani nikamwonyesha. "Mimi nilijua ni hii."

Aliitazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, akafuta macho kwa pembe ya kanga, akaanza upya. Mimi nilikuwa nakaribia kulia. Nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba hii ni hadithi ya bibi, nami sikuwa na hadithi ya bibi, nilikuwa na kosa la mtoto wa Itigi lenye sura kumi na saba. Siku nne zilibaki. Kuibadilisha iwe ya karamu ni kuanza upya, na siku nne hazitoshi hata kwa mtu mwenye kichaa changu. Nikamwambia nafikiri niache tu.

"Nisomee kwanza," akasema. "Nisikie huyo wa peni."

Nikamsomea mchana kutwa, na kesho yake asubuhi, yeye akipepeta. Mwanzoni alikuwa bado anachekacheka. Nilipofika pale yatima anaposimama kwenye mstari na kuambiwa hayumo kwenye daftari, akaacha kucheka. Nilipofika kwa ndege, ungo ukawa umesimama mapajani muda mrefu.

"Kaka zangu walipelekwa kuandikishwa shule ya misheni," akasema. "Siku ile uwele ulikuwa umeiva. Mimi nikaachwa shambani kuamia ndege wasiule. Nikamuuliza baba, na mimi lini? Akasema," na hapo alilitaja jina lake la nyumbani, alivyokuwa akiitwa na baba yake, "wewe baki na ndege, mwaka ujao tutaona."

Sisi wote tunamjua kwa jina la ubatizo. Lile la nyumbani sikuwahi kulisikia, na waliokuwa wakimwita hivyo wameshazikwa. Nilijua kwamba hakusoma, nilishamwona akiweka dole gumba kwenye karatasi za serikali ya kijiji. Lakini sikuwahi kumuuliza kwa nini, na niliona aibu.

"Na mwaka uliofuata?" nikauliza.

"Ndege walikuja tena," akasema, akaendelea kupepeta. Kisha akaongeza, "Usiiache hiyo. Ila na chakula kiwepo. Huyo mtoto umemtembeza kitabu kizima na njaa."

Nikarudi mezani nikiwa na moto kuliko siku ya kwanza. Nikaandika sura ya kumi na nane, ndiyo ya mwisho, kwa siku mbili, mtemi akiwa na kalamu na karamu pamoja. Humo nikapika ugali wa uwele na kuku mmoja. Bibi akasema kuku mmoja ni matusi, watu wote wameitwa. Nikaongeza kuku, nikaongeza na mbuzi. Binti wa Kiomboi nilimpigia simu nikamwambia arudishe L zangu zote, kila moja, na R aziache kwa ajili ya sura ya mwisho. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na uhakika hivi.

Mswada uliondoka kwa barua pepe kutoka duka lile la Kiomboi siku ya ishirini na nane alasiri, na majibu bado nayasubiri. Lakini asubuhi ya siku hiyo, wakati bodaboda niliyoiita ikiwa bado njiani, nilimsomea bibi ukurasa wa mwisho. Ile mistari mitupu nilishaijaza yote usiku wa kuamkia siku hiyo, bila kumwambia. Nilisoma jinsi mstari wa watu ulivyokwisha, yatima akabaki peke yake mbele ya dirisha, na uwele bado umemganda kwenye vidole. Mtemi akafungua daftari, akachovya kalamu yake kubwa, akaandika polepole. Kisha akainua uso akaita.

Nililisoma lile jina la nyumbani kwa sauti.

Bibi alikuwa ameinamia ungo, hakuinua macho.

"Abee," akaitika.