Wanawake Waliokalia Mitumbwi ya Goziba

Kamati ya ulinzi ilikaa siku mbili nzima kutafuta nani kamuua Yoeli.

Wanaume tisa, chini ya turubai la bluu, kisiwani Goziba, mwaka 1991.

Na siku zote mbili, mwanamke aliyekuwa akiwapelekea chai alijua kwamba Yoeli hakuuawa na mtu.

Hakuna aliyemuuliza.

Mwanamke huyo ni shangazi yangu, Theopista. Leo ana miaka sitini na nane, anaishi Maruku. Mwezi uliopita aliniita akaniambia, "Wewe si unaandikaandika huko kwenye simu? Andika na hili. Ila usinipambe."

Sitampamba.

Goziba, kama hujafika, ni mawe na upepo katikati ya ziwa, upande wa Muleba. Hufiki ila kwa mtumbwi. Miaka ile kulikuwa na kambi mbili za wavuvi: Mchangani, alipokuwa shangazi, na Kwenye Mawe, ng'ambo ya kilima.

Sangara walikuwa wengi. Gongo ilikuwepo. Na Juliana alikuwepo.

Juliana ndilo jina watu wa Kagera waliloupa ukimwi ulipoanza, kabla hata serikali haijaupa jina. Mwaka ule wa tisini na moja, kule Maruku kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Migomba inazama kwenye majani, wa kupalilia hayupo.

Shangazi alikwenda kisiwani baada ya mumewe kwenda Mwanza na kupotelea hukohuko. Aliwaacha mabinti zake wawili kwa mama yake, akafungua kibanda cha chai na chapati. Baada ya muda akaishi na Yoeli, baharia mpole, mcheshi, mtu wa watu.

Yoeli akaanza kukonda.

Akaenda Bukoba kupimwa. Akarudi na mtumbwi wa samaki. Asubuhi yake, shangazi akiwa anakanda unga, ndipo aliposema.

"Nimeambiwa ninao."

"Una nini?"

"Theo, usinifanye niseme mara mbili."

Shangazi akabaki na mikono imejaa unga.

Yoeli akavua saa yake, akaiweka juu ya meza. "Usimwambie mtu. Wakijua mimi ninao, watajua na wewe unao. Hakuna atakayekunywa chai yako."

Akatoka, akielekea kule kwenye majabali. Shangazi alidhani anakwenda kupunga upepo.

Hakurudi.

Siku ya pili ziwa lilimtoa, na jeraha kichwani. Majabali ya kule ni makali, lakini nani alitaka kuyafikiria majabali? Wiki moja kabla, Yoeli alikuwa amegombana hadharani na Mustapha, mwenye mitumbwi wa Kwenye Mawe, kwa sababu ya nyavu zilizokatwa. Mustapha alimwambia, "Wewe nitakuzamisha." Kambi nzima ilisikia.

Basi, muuaji akawa ameshapatikana kabla hajatafutwa.

Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya Mchangani alikuwa Ta Rugemalira, kama Wahaya wanavyomwita mwanaume wa heshima, mwenye mitumbwi sita na sauti ya kuitawala yote. Siku ya kwanza ya kikao, shangazi alijikaza. Aliinama akimimina chai, akasema kwa sauti ndogo, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mwenyekiti, kuhusu Yoeli..."

"Mama, pole na msiba. Weka birika hapo. Haya ni mambo ya ulinzi."

Akaweka birika, akatoka.

Hapa ndipo aliponikataza nisimpambe. Aliniambia, "Nilipotoka pale, mwanangu, moyo ulitulia. Nilifurahi wamenifukuza. Nilikuwa nimejaribu, basi, yameisha."

Hayakuisha.

Kulikuwa na mwanamke mmoja pale kambini, mkausha dagaa, jina lake Felicitas. Mjane kutoka Muleba, mrefu, mkavu wa maneno. Mwaka sabini na nane, majeshi ya Amin yalipovuka na watu wa Kyaka kukimbilia kusini na magodoro kichwani, Felicitas alikuwa mgambo. Alisimama na bunduki kwenye kizuizi cha barabara ya Bukoba kwenda Muleba, mvua yake, jua lake.

Asubuhi moja wenzake waliona lori linakuja kasi. Mtu akapiga kelele, "Ni wao!" Wakafyatua.

Walikuwa wakimbizi.

Wanaume wakasema maiti za kike akazipekue mwanamke mwenzao, kutafuta vitambulisho. Felicitas akazipekua, moja baada ya nyingine. Alikuwa na miaka ishirini na tano.

Vita ilipokwisha, akaambiwa asante mama, rudi nyumbani. Kaka yake, aliyesimama kwenye kizuizi kilekile, akaingizwa kamati ya ulinzi ya kijiji. Kule Goziba, Felicitas aliomba nafasi kwenye kamati mara mbili.

"Utafanyaje doria na wanaume, wewe mwanamke?" Rugemalira alimuuliza.

"Mwaka sabini na nane nilifanya na nani?"

Watu wakacheka. Nafasi hakupewa.

Sasa, siku ya tatu asubuhi, shangazi aliingia na chai akakuta uamuzi umeshapita. Saa sita mchana, watu wa Kwenye Mawe wakiwa wamelala baada ya kuvua usiku kucha, vijana wa Mchangani wangezunguka kwa mitumbwi na kuivamia kambi. Mapanga yalikuwa tayari. Petroli ya injini ilikuwa tayari. Kule kulikuwa na vibanda vya nyasi tupu, na wanawake na watoto ndani yake.

Shangazi aliweka sinia chini, akakimbia hadi kwa Felicitas. Alimkuta anaanika dagaa.

"Ma Felicitas, wanakwenda kuua watu bure."

"Bure kivipi?"

Akamwaga yote: Bukoba, kipimo, saa mezani, majabali.

Felicitas alimsikiliza hadi mwisho. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Twende ukawaambie."

Shangazi akapiga magoti palepale kwenye mchanga. "Nakuomba. Nina mabinti. Wakijua ninao, nitafukuzwa kisiwani kabla ya jioni. Hata kwetu hawatanipa kikombe. Nitakufa barazani kama mbwa."

Na hakuwa anatia chumvi, jamani. Miaka ile mtu alitengewa sahani, kisha chumba, kisha akaachwa.

Felicitas akatandaza dagaa waliobaki mkononi.

"Haya. Kaa na siri yako," akasema. "Lakini unyanyuke. Waite wenzako. Wote."

Sasa lazima nieleze jambo moja. Mwanamke kupanda mtumbwi wa abiria haikuwa na neno. Lakini mtumbwi wa uvuvi, wenye nyavu ndani? Mwiko. Wavuvi wa kule waliamini mwanamke akikalia nyavu, samaki wanahama, na mtumbwi wenyewe unakuwa na mkosi mpaka usafishwe na wanaojua kuusafisha. Hakuna baharia angeingia humo. Angekufa maji, aliamini hivyo kabisa.

Felicitas aliujua mwiko huo vizuri. Alikuwa ametukanwa kwa ajili yake mara nyingi.

Saa tano, wanawake ishirini na mmoja wa Mchangani waliteremka ufukweni. Wapika chapati, wauza gongo, wakausha dagaa, mmoja ana mimba ya miezi minane. Wakaingia kwenye mitumbwi ya uvuvi. Wakakaa juu ya nyavu.

Vijana walipofika na mapanga yao wakasimama kama wamepigwa na radi.

Rugemalira alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. "Shukeni! Mmerogwa? Shukeni upesi!"

"Tutashuka," Felicitas akajibu. "Kwanza niambie nani alimuona Mustapha akimuua Yoeli."

"Kila mtu anajua!"

"Sikuuliza nani anajua. Nani aliona?"

Rugemalira akawageukia vijana wake. Vijana wakamgeukia yeye.

"Mimi nimewahi kupekua maiti za watu waliouawa na hiyo 'kila mtu anajua'," Felicitas akasema. "Sipekui tena. Mkitaka kwenda, nendeni kwa kuogelea."

Walitukanwa hadi matusi yakaisha. Walimwagiwa maji. Mwanaume mmoja alimvuta mkewe kwa nywele, yule mwanamke akang'ang'ania ukingo wa mtumbwi mpaka kucha zikatoka damu. Hawakushuka. Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Vijana wakachoka, wengine wakaenda kulala. Hasira nayo inahitaji kushiba ili iendelee, na siku ile hakuna aliyepika.

Asubuhi iliyofuata mtumbwi wa samaki ulileta askari wawili na ofisa mmoja kutoka nchi kavu. Felicitas alikuwa ametuma ujumbe jana yake kwa mtumbwi wa abiria.

Ofisa alifanya mkutano chini ya turubai. Rugemalira na Mustapha wakaketi, wakazungumza, wakatia saini karatasi ya amani, wakashikana mikono. Ofisa akaipongeza kamati kwa busara na uvumilivu.

Felicitas alisimama pembeni akisubiri kuitwa.

Ofisa akamgeukia. "Mama, chakula kiko tayari?"

Wanawake waliomaliza vita wakaenda kupika.

Ungedhani yameishia hapo. Mitumbwi ilisafishwa, lakini wiki tatu zilizofuata samaki walikuwa wachache. Ziwa lina siku zake, kila mvuvi anajua, lakini safari hii walikuwa na wa kumlaumu. Mitumbwi imekaliwa. Mkosi.

Kamati ikaita mkutano wa kambi nzima, mchana kweupe. Felicitas akasimamishwa mbele.

"Nani aliwatia wanawake kwenye mitumbwi?" Rugemalira akauliza.

Wanawake wakaangalia miguu yao.

Rugemalira akageuza macho, yakatua kwa shangazi. "Ma Theopista. Wewe ndiye mfiwa. Siku ile uliingia mtumbwini kwa hiari yako, au ulilazimishwa?"

Kwa mara ya kwanza kamati ile ilikuwa imemuuliza mwanamke swali na kusubiri jibu.

Shangazi aliwaza: nikisema kwa hiari, wataniuliza kwa nini. Mfiwa anamteteaje muuaji? Wataniuliza, na kuuliza, mpaka itoke.

"Nililazimishwa," akasema.

"Na nani?"

Akanyoosha kidole.

Felicitas alimtazama. Sentensi moja tu ingemuokoa. Angesema, Yoeli alikuwa mgonjwa, muulizeni huyu, na kila kitu kingegeuka palepale.

Hakuisema.

Akafukuzwa. Chanja zake za dagaa zikavunjwa akiangalia, kibanda kikabomolewa. Alipanda mtumbwi wa abiria na kifurushi kimoja. Shangazi alibaki nyuma ya jiko lake, hakwenda hata kumuaga.

Shangazi aliondoka Goziba miezi michache baadaye. Akarudi Maruku akisubiri kufa.

Alisubiri miaka sita.

Kila kikohozi alijua ndicho. Alimkataa mwanaume mwema aliyetaka kumuoa. Hakutaka kupima; apime nini, wakati anajua? Mwaka tisini na saba alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Bukoba, na muuguzi mmoja akambembeleza wiki nzima mpaka akakubali.

"Mama," muuguzi akamwambia, "huna."

"Sina nini?"

"Huna virusi."

Wakarudia kipimo. Wakarudia tena baada ya miezi mitatu.

Hana.

Alilia, na aliniambia hakikuwa kilio cha furaha. Kesho yake alipanda gari la Muleba, akamtafuta Felicitas kwa kuulizauliza. Alimkuta anaishi kwenye jiko la nje, nyumbani kwa kaka yake, maana shamba la marehemu mumewe ukoo ulishalichukua. Alikuwa anamenya ndizi. Alikuwa amezeeka.

Shangazi alipiga magoti kwa mara ya pili mbele ya mwanamke yule.

"Ma Felicitas, nimepima. Sina. Sikuwahi kuwa nao."

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea kumenya.

"Kwa hiyo," Felicitas akasema taratibu, "siri niliyokutunzia haikuwepo."

"Nisamehe."

"Nimefurahi uko mzima. Kweli nimefurahi."

Akamenya ndizi nyingine.

"Wiki iliyopita walikuja watu wa serikali ya kijiji," akasema. "Wanataka mwanamke mmoja kwenye kamati ya ulinzi. Siku hizi lazima awepo, wanasema. Kaka yangu akanitaja."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia nimechoka kulinda watu."

Hakumkaribisha ndani. Hakumfukuza pia. Shangazi alikaa pale mpaka jua likainama, akaondoka. Hawakuonana tena.

Ndugu zangu, mimi nina haya tu ya kusema. Wanaume tisa walikaribia kuchoma kambi nzima kwa sababu hakukuwa na hata mmoja kati yao ambaye mwanamke mwenye hofu angeweza kumfuata pembeni na kumnong'oneza. Kwa hiyo mtaani kwenu, kijijini kwenu, msiweke mwanamke mmoja kwenye kamati ya ulinzi ili muhtasari upendeze. Wawekeni wa kutosha, na wawekeni mapema, kabla hamjamchosha yule anayeiweza kazi.

Na wewe dada unayenisoma, siku ukiulizwa mbele ya watu, sema lililo kweli, hata kama wamekuuliza kwa kuchelewa na kwa ubaya.

Shangazi yangu aliulizwa mara moja tu.