Mizani Iliyomtania Mkwe

Jamani, chekeni ila kwa huruma, maana mpaka leo nikisikia spika inakoroma kabla haijaongea, naanza kutafuta waya wa kuchomoa.

Mimi niliishia darasa la saba, programu nimejifunzia kwenye simu huku natengeneza simu za watu mjini, mtaa wa Ng'ambo (mwalimu wangu bando), na kazi nafanya na Masanja, Msukuma (mimi Mnyamwezi), yaani mtani wangu halali kabisa. Wafugaji nyuki wa kijiji cha Ipole wakatupa kazi: mizani ipime ndoo ya asali, spika imtaje mwenyewe na kilo zake, watu wote wasikie, minong'ono ya wizi iishe. Mwenyekiti wao Mzee Maganga, baba yake Magreth, na Magreth ndiye ninayetaka kumuoa, mshenga alikuwa anaenda kwao Jumapili, mara tu baada ya siku ya kupima.

Tukabishana. Masanja anasema, "Maneno ya spika weka nje ya programu, kwenye faili la maandishi, XML. Ukitaka kubadili unafungua, unafuta, basi." Mimi nikang'ang'ania anotesheni, ile alama unaibandika juu ya kipande chenyewe cha programu, humohumo ndani, hakuna faili la kupotea.

"Na ukitaka kubadili?"

"Naijenga upya programu yote, kazi ndogo."

"Ukiwa na laptopu, Mnyamwezi wewe!"

Nikamwambia nyie Wasukuma mmezoea ng'ombe, mnataka kila kitu kilale nje. Nikabandika, na kwa kujaribu nikaweka maneno ya kumtania yeye, tukacheka mpaka machozi. Halafu nikasahau kuyatoa.

Siku ya siku Ipole watu wamejaa, wanunuzi wamekuja, laptopu nimeiacha Ng'ambo (kujiamini huko!), nina kile kikompyuta cha mizani tu. Mama mmoja akaweka ndoo. Spika ikakoroma: "Mama Shija, kilo ishirini. Shusha, mlafi wewe, acha kulamba vidole!"

Watu vicheko, mimi jasho. Nikampigia Masanja.

"Si ufungue faili ufute?"

"Masanja, faili hakuna."

Akacheka kwanza. Halafu: "Basi hiyo anotesheni yako ibandike mdomoni."

Foleni inasogea, na mwishoni naiona kofia ya Mzee Maganga. Sasa mtani unamwambia lolote, lakini mkwe hata jina lake hulitamki ovyo! Nikachomoa waya wa spika. Akaniona.

"Kijana, hata shikamoo huna?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudisha waya. Wenzangu wametajwa, mimi nikipimwa kimyakimya watasema mwenyekiti kaiba."

Nikarudisha, naomba umeme ukatike (unakatika kila siku, siku hiyo ukagoma).

"Maganga, kilo kumi na nane. Shusha, mlafi wewe, acha kulamba vidole!"

Hakuna aliyecheka. Mzee akaviangalia vidole vyake (vilikuwa na asali, Mungu anisamehe).

"Maneno haya kaandika nani?"

"Mimi, baba."

"Mtani ndiye huniita hivyo. Wewe ni nani kwangu?"

"Mkwe, baba."

"Bado," akasema. "Mshenga asije Jumapili. Atakuja siku mashine yako ikipata adabu."

Nimeapa: neno lolote linaloweza kumfikia mkwe silishonei tena ndani ya programu, linakaa nje kwenye XML, nilifute kwa simu hata mkwe akiwa tayari kwenye foleni. Sasa spika inaanza na shikamoo kwa kila mtu, haichagui, hata watoto waliotumwa ndoo wanaiitikia marahaba kwa madaha, wanaringa kweli.

Ipole nzima inaitikia. Bado Mzee Maganga tu.