Kutu ya Mlango wa Kushoto

Ujana wake wote aliumaliza akipigana na kutu. Katika gereji ya mabasi alikopaka rangi, wanaume walimcheka siku ya kwanza, wakasema huyu mwanamke wiki haiishi atakuwa amekimbia. Wao ndio waliostaafu, wakamwacha palepale na msasa mkononi. Aliikwangua kutu, akaziba matundu yake kwa puti, akaipaka rangi juu, na kesho yake basi jingine likaingia na kutu yake. Mtaani wakamwita Mama Msasa. Alipoacha kazi kwa sababu ya ugonjwa wa kifua, nani angedhani atakuja kukaa mezani, miwani puani, akiipaka kutu kwa makusudi?

Ilianza na mumewe. Mzee alikuwa dereva, na lori lake alilinunua kwa jasho lake, akazeeka nalo. Kisha kiharusi kikamwangusha, upande wa kulia wote ukalala. Alikaa hospitali muda mrefu. Lori nalo lilikuwa limesimama uani, injini imekufa, magurudumu yamezama ardhini. Mwishowe watu wa vyuma chakavu wakaja, wakalikata vipande, wakaondoka nalo. Mama Msasa ndiye aliyewaruhusu.

Mzee aliporudi nyumbani aliona ua mtupu. "Lori?" akauliza kwa ulimi mzito.

"Liko gereji, baba. Linatengenezwa."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilirefuka, maana mzee hakuuliza tena. Hakuuliza hilo wala jambo lolote. Alikaa dirishani kutwa nzima, chai ikipoa mbele yake.

Mikono iliyozoea kazi huwashwa ikikaa bure. Mama Msasa akakata kopo la siagi, akatafuta kadi ngumu na vijiti vya meno, akaunda lori dogo la kuenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Akalipaka buluu, likang'aa kama sahani mpya. Akampelekea mzee.

Mzee akaligeuzageuza kwa mkono mzima. "La nani hili?"

"Lako."

"Langu bovu," akasema, akaliweka chini.

Mama Msasa akaenda jikoni akacheka peke yake, kisha akakaa kufikiri. Kumbe mzee alisema kweli. Akaanza upya, na hapo ndipo alipojua kwamba kuiweka kutu ni kazi kubwa kuliko kuitoa. Alipaka kahawia kwanza, ikakauka. Akailowanisha, akanyunyizia chumvi, akapitisha buluu juu yake, kisha akaisugua chumvi itoke, ili buluu ibanduke na kahawia ichungulie. Lori likatoka kama lina ndui. Kwenye kitu kidogo namna ile, chembe moja ya chumvi ni tundu la kupitisha kichwa. Akaacha chumvi, akashika kipande cha sponji kwa kibano cha nyusi, akadonoa, akadonoa, karibu bila kugusa. Michirizi aliichora kwa brashi aliyoipunguza mpaka ikabaki na nywele chache, rangi nyepesi kama maji ya chai, kuanzia kwenye bolti kwenda chini, kwa kuwa mvua hainyeshi kwenda juu. Vumbi akalitengeneza kwa chaki iliyosagwa.

Wifi yake, dada wa mzee, alipita akamkuta ameinama. "Wifi, uko timamu kweli? Watu wanaikimbia kutu, wewe unaikaribisha sebuleni?"

"Hii haili chuma, wifi. Inakula macho yangu tu."

Alipofika kwenye mlango, kumbukumbu ikamtupa. Akageuka dirishani bila kufikiri. "Baba, ile kutu ya mlango ilianzia juu kwenye kioo, au chini?"

Mzee akamgeukia. "Kama liko gereji," akasema, neno moja moja, "nenda kalitazame."

Brashi ikasimama hewani. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Halipo," akasema Mama Msasa. "Walilikata ulipokuwa umelazwa. Niliwaruhusu mimi, usimlaumu mtu mwingine."

Mzee akageukia ua. Mama Msasa akangoja atukanwe; afadhali matusi kuliko kile kimya. Mzee akajifuta jicho kwa kiganja.

"Chini," akasema. "Maji yalikuwa yanatuama. Mlango wa kushoto."

"Na wa kulia pia."

"Wa kulia nilibadilisha."

"Hukubadilisha wewe!"

"Nilibadilisha! Ulikuwa kwa mama yako, umejifungua. Utajuaje?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu atoke hospitali. Mama Msasa hakukubali kushindwa, akaleta hoja ya pili na ya tatu, kusudi tu aendelee kubishiwa.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao ya alasiri. Mzee anaelekeza, mama anapaka. Bodi lilikwanguliwa hapa na lango la soko. Huku tangi lilivuja, pawe peusi. Hapana, umezidisha, hilo ni tope sasa, futa. Mzee akimkasirikia, ulimi wake ulifunguka zaidi, na mama alijua hilo, kwa hiyo mara nyingine alikosea kwa kupenda. Hasira ya lori haikuisha yote. Siku nyingine mzee alilitazama kidogo tu, akasukuma kiti chake, akaenda kulala, na mama hakumfuata.

Lilipokamilika waliliweka kwenye rafu. Wiki hiyohiyo wifi akaja kusaidia usafi, akaona kigari kimejaa vumbi, akakifuta kwa kitambaa chenye maji. Chaki yote ikaenda.

"Mwambieni huyo mwanamke asiguse mali yangu!" mzee akanguruma, sauti nzima, mpaka jirani akachungulia.

Wifi akasimama na kitambaa mkononi. Mama Msasa alikuwa ameshavuta kiti mezani, anasaga chaki nyingine.

"Safari hii weka na matope ya magurudumu," mzee akasema. "Yale mekundu."