Miti Tisa ya Ng'ambo ya Sitna

Ubao ulisimikwa Jumatatu mbele ya banda la zimamoto, na ilipofika saa nne asubuhi Genowefa Sroka alikuwa ameshausoma mara tatu. Ulionyesha ramani ya kijiji cha Wólka Sitna: barabara moja, nyumba arobaini na moja, mashamba membamba kama mishipi yakishuka hadi kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito mchoraji alipaka kijani na kuandika maneno mawili: Malisho matupu. Juu ya kijani hicho kulikuwa na mraba wa kijivu: Maegesho ya wageni.

Genowefa, tarishi mstaafu wa posta, mwenye miaka sabini na minne, aliupiga ubao kofi. Mkono ukamuuma. Akaupiga tena.

Ng'ambo kulikuwa na nyumba tisa, hadi Julai ya 1943 Wajerumani walipozichoma. Mama yake alivuka kijito naye, mtoto wa mwaka mmoja, ndani ya kikapu cha kabichi. Hakuna aliyerudi kujenga. Iliyobaki ni mipeasi, mmoja kwa kila ua, kwa sababu bwana harusi wa Sitna alipanda mpeasi mbele ya mlango siku aliyoleta mke. Wa nne kutoka darajani ulipandwa na baba yake. Baba hakuvuka. Kaburi hana, ana mti huo. Na Alhamisi miti yote tisa ingekatwa kupisha magari.

Alimkuta mwenyekiti wa kijiji, Wiesław Pękala, amelala chini ya trekta.

"Nani kakuruhusu kuita kwetu malisho?"

"Shangazi Genowefa, karibu kwanza..."

"Sikuja kukaribishwa! Toka huko nikuone uso."

Pękala akatoka, mafuta hadi kwenye nyusi. "Ramani si yangu. Halmashauri wameitoa kwenye nyaraka zao. Wageni wakija waegeshe wapi, juu ya kuku wangu?"

"Waegeshe kitandani kwako. Ng'ambo yuko baba yangu."

Pękala aliingia ndani, akarudi na nakala ya karatasi. Orodha ya nyumba za Wólka Sitna, 1977. "Mwandiko wa nani huu, shangazi?"

Kila tarakimu ya saba ilikuwa na kistari katikati, kama alivyozoea kuiandika yeye. Chini kulikuwa na sahihi: G. Sroka, tarishi. Akakumbuka: aliiandika juu ya kiti cha baiskeli, haraka, akajisifu kwa unadhifu wake. Nyumba arobaini na moja. Ng'ambo hakupeleka barua, basi ng'ambo hakuandika kitu.

"Waliuliza barua zinakwenda wapi," alisema. "Hawakuuliza watu walikuwa wapi!"

"Kalamu ulikuwa nayo wewe."

Alitoka bila kuaga. Njia nzima alijitukana kwa sauti, matusi ambayo hajawahi kumtukana hata mbwa wa Pękala aliyemng'ata mara mbili.

Ilikuwa Mei, na kila jioni ya Mei wanawake humwimbia Maria kwenye msalaba wa njia panda, uliopambwa kwa tepe nyekundu, buluu na nyeupe. Jumatano, wimbo ulipokwisha, Genowefa alipanda ngazi na kuanza kuzifungua.

"Wewe, umerukwa na akili?" alifoka Stefania Bąk, aliyezishona. "Hizo ni za Mama Maria!"

"Msalaba anao mwaka mzima. Tepe atatuazima. Shika ngazi vizuri, usiniue kabla ya kesho."

Stefania alishika, akinung'unika, kisha akabeba kikapu cha tepe hadi ng'ambo.

Alhamisi asubuhi mkata miti, Zenon Kurek, alifika na msumeno wa injini. Mipeasi yote tisa ilikuwa imefungwa tepe, na kila shina lilikuwa na kibao chenye jina la ukoo. Chini ya mti wa nne Genowefa alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Shangazi, ondoka. Nina kazi."

"Ifanye."

Zenon aliitazama tepe. Sitna hakuna anayegusa kwa chuma mti uliovaa tepe za Mei. "Umenifanyia makusudi."

"Ndiyo."

"Mei itakwisha."

"Mimi sitakwisha."

Zenon alizunguka akitukana chini kwa chini, akitafuta mti wowote uliosahaulika. Kwenye wa saba akasimama. Kibao kilisema: Kurek.

"Huu ni wa kwetu?"

"Wa baba wa babu yako. Mlevi. Ndiyo maana matunda yake makali."

Zenon akatoa simu. "Pękala? Sikati. Hapana, sio tepe. Njoo usome mwenyewe, mama yako alizaliwa kwa kina Lis, na kina Lis ni mti wa pili."

Genowefa hakumsubiri Pękala. Alivuka daraja hadi banda la zimamoto na kalamu nene ya wino mweusi, akakata maneno yale mawili kwa mistari minne, ingawa mmoja ungetosha. Kisha akaandika majina tisa ndani ya mraba wa kijivu, kwa mwandiko uleule wa 1977, safari hii akibonyeza hadi kalamu ikavunjika ncha kwenye jina la baba yake. Akaenda kutafuta nyingine.