Glavu ya Baba Audrey

Kanini, au Mama Mbithi kwa majirani, alikuwa na mdomo, si mchezo, lakini watu wa mtaa wa Kawangware 56 walimvumilia kwa sababu ya mikono yake. Kwenye kibanda chake vijana walicheza gemu za televisheni, naye akitengeneza pedi za kuchezea walizozivunja kwa hasira.

Alihamia hapo mwanzoni mwa 2008, baada ya genge lenye mapanga kuja kumchomea nyumba kule Lindi, mtaa mwingine wa mabanda jijini, wakati wa ghasia za uchaguzi, kwa kuwa ni Mkamba. Jirani yake Oyoo, Baba Audrey, Mjaluo, fundi wa viatu, alisimama mlangoni akakataa. Panga likampata mkono wa kulia. Jeraha lilipona lakini vidole viligoma kukunjika, na fundi asiyeweza kushika sindano atakula nini? Daktari alimwambia avifanyishe mazoezi. Oyoo akaona huo ni upuuzi, akakaa nyumbani kununa.

Wema hauozi. Kanini alipasua pedi, akahamishia nyaya zake kwenye glavu ya mtumba: kidole kikikunjwa hadi kikagusa kiganja, gari kwenye skrini linatii. Siku ya kwanza tu nyaya zilikatika penye viungo. Wengine wangeitupa. Yeye alizisokota pajani pamoja na uzi, jinsi mamake kule Kitui alivyosokota katani ya kusukia kikapu cha kiondo, na hazikukatika tena. Nani mwingine angewaza hivyo?

Akamwita Oyoo kutoka Lindi, akamvisha. Gari likaingia mtaroni, vijana wakamcheka, na kwa uchungu wa kuchekwa akawa anarudi kila siku. Tena alikuwa mjanja: alivisukuma vidole kwa mkono wa kushoto. Kanini akaufunga mkono huo kitini kwa leso.

"Mama Mbithi, sasa hii ni kunionea!"

"Baba Audrey, endesha gari."

Miezi ikapita. Jioni moja vidole vyote vikakunjika, na gari lake likalipita la Kanini, ambaye hapo kibandani hakuwa ameshindwa na mtu. Vijana wakapiga kelele. Oyoo hakuwasikia, alikuwa anafunga na kufungua mkono wake, machozi yakimtiririka.

"Weka ingine," akasema. "Moja tu, Mama Mbithi."

Kanini alimvua glavu, akazima televisheni, huku naye akijifuta macho kwa kiganja.

"Hakuna ingine. Kesho enda ushone viatu."