Anguko la Marereni

Filamu ile ni mbovu, na nasema hivyo nikiwa nimeitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Mambrui isipokuwa mdogo wangu. Ilipigwa katikati ya miaka ya themanini kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Mwongozaji wake, Mzungu mnene asiyevua kofia, alituambia kwa fahari kwamba anaitengeneza kwa mtindo wa zile sinema za miaka kumi nyuma: mwanamume mmoja, bunduki nyingi, wanawake wenye nguo chache, na kisasi mpaka mwisho. Sinema za namna hiyo tulizijua. Tulizitazama Malindi tulipokuwa vijana, tukatoka tukirushiana mateke barabarani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza lolote.

Nianze na ubovu, maana ni mwingi. Shujaa anafyatua bastola moja tangu mwanzo na risasi haziishi. Mkewe anauawa mapema kabisa, na kufika katikati ya filamu amekwisha kumsahau, anaogelea na mwingine. Wanawake wanakimbizwa ndani ya mabwawa ya chumvi miguu mitupu huku wanacheka. Aliyewahi kukanyaga chumvi kwa mguu wenye kidonda atakwambia kama kuna kucheka hapo. Majambazi ni sisi wenyeji. Tulikuwa zaidi ya thelathini, na filamu nzima hatusemi neno, kazi yetu ni kupiga mayowe tukifa. Mimi nimekufa mara tatu, zote kwa shati lilelile.

Uzuri nao upo, sitaki kuwa mnafiki. Filamu haihubiri, wala haijifanyi kuwa na hekima isiyokuwa nayo. Haikuchoshi, maana kabla hujakaa vizuri mtu kishapigwa. Na ile chumvi, jamani, imepigwa picha ikawaka weupe mpaka macho yanatoka machozi. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kuiona ikipendeza hivyo. Kisha kuna anguko. Jambazi mmoja anapigwa risasi juu ya kiunzi cha mbao, anapepesuka, anakuja chini mzimamzima juu ya lundo la chumvi. Kila aliyeiona filamu hukubali kwamba hapo ndipo penye thamani yake. Aliyeanguka ni mdogo wangu, na alivunjika nyonga kweli.

Sote wawili tulikuwa vibarua pale. Yeye alikokota chumvi kwa reki na kuisukuma kwa toroli. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, basi wageni walipokuja nikafanywa mkalimani wao. Cheo hicho kilinilevya. Niliacha kula na wenzangu, nikawa nakula chini ya turubai la wageni. Mwongozaji aliniambia kuwa mtu asiyeleta matatizo kama mimi angemchukua Nairobi kwa filamu yake nyingine, nami nikaapa moyoni kwamba tatizo lolote halitatoka kwangu.

Wageni walikuwa wamewaona vibarua wakati wa mapumziko wakijirusha kutoka juu ya lori na kutua kwenye chumvi mpya, wakazama mpaka magotini na kuinuka wanacheka. Mwongozaji akaupenda sana mchezo huo. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa hodari wao, akachaguliwa. Kiunzi kikajengwa kando ya lundo la juzi. Asubuhi ya kupiga picha, mwongozaji akatazama jua, akasema upande ule haufai, kiunzi kihamishwe kando ya lundo jingine, kubwa zaidi na jeupe zaidi.

Lundo lile lilikuwa limenyeshewa mvua ya masika. Chumvi iliyonyeshewa kisha ikapigwa na jua hufanya ganda, na ganda lile sisi tulikuwa tukilipasua kwa sururu. Mgeni hawezi kulijua kwa macho. Mwongozaji aliniuliza, "Hii nayo ni laini?" Nilisema ndiyo. Sikubabaika hata kidogo. Nilikuwa nimezoea kumjibu ndiyo, na kiunzi kilikuwa kimekwisha kuhamishwa, na kila mtu alikuwa akingoja. Nikajiambia kwamba kijana ana nguvu, atatua vizuri. Kisha nikasimama mahali nilipopangiwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyetakiwa kumpa ishara, na kamera ilipoanza nikainua mkono.

Alilazwa hospitali Malindi mpaka tukazoea njia ya kwenda na kurudi. Wageni walimletea matunda, wakamletea na picha yake akiwa hewani, kisha wakaondoka. Hawakunichukua Nairobi wala pengine popote. Mdogo wangu akatoka na mguu mmoja mfupi, akajifunza kushona, na siku hizo alikuwa na cherehani barazani kwetu Mambrui. Mama alimlaani Mzungu kila alipomwona mwanawe akishuka ngazi. Mimi nilimlaani pamoja naye, kwa sauti kubwa kuliko yake, na nilijichukia kwa kila neno. Jambo moja tu ndilo nililoliogopa: mdogo wangu asije akajua kwamba nilijua.

Kanda ya video ilifika Malindi baada ya miaka miwili. Mwenye chumba cha video aliwaambia watu kuwa ni filamu ya nyumbani, wakajaa. Walipofika kwenye anguko walipiga vigelegele, wakamtaka arudishe nyuma, akarudisha, wakapiga tena. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la mbele na mkongojo wake, anacheka kama wengine. Watu wakampa mkono. Tangu hapo ikawa haipiti Ijumaa ila ananivuta twende tukaitazame, nami siwezi kukataa.

Siku moja alasiri, watu walipokwisha kutoka, tulibaki sisi wawili tukingoja kanda izungushwe. Nikamwambia filamu yenyewe takataka, basi imetosha.

"Kaka, wewe waichukia bure," akasema. "Mambo mengine ni upuuzi, sikatai. Lakini pale pangu ni pazuri."

"Pazuri wapi, nawe umekuwa kiwete?" Nilikwisha kushindwa kujizuia. "Lundo lile lilikuwa la masika. Nilijua ni gumu. Yule Mzungu aliniuliza, nikamwambia ni laini."

Hakushtuka. Alinitazama kwa upole ambao mpaka leo siupendi.

"Najua ni la masika," akasema. "Kiunzi nilisaidia kukihamisha mimi. Nilijaribu kukita mguu wake mmoja ukingoni mwa lundo, ukakataa kuingia."

Nilimuuliza kwa nini aliruka basi. Nilikuwa karibu kupiga kelele. Nilitaka aseme ni ujana, au ni sifa, au aliwaogopa wageni, chochote ambacho hakinihusu.

"Niliposimama kule juu nilikutazama wewe," akasema. "Nikasema moyoni, kaka yupo, naye aijua chumvi kama niijuavyo, hatanyanyua mkono. Ukanyanyua. Sasa ningefanyaje, kaka? Nikukatalie mbele za watu?"